Utotoni mwa Mchoraji: Mvuto wa Utoto na Chimbuko la Mtindo, kutoka Machame na Tunduru hadi Ikoma



1. Utangulizi

Ikoma iko upande wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, katika Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara. Kila mwaka, mvua za masika zinapokaribia kukoma, makundi ya nyumbu ambao jumla yao hupita milioni moja huziacha nyika za majani mafupi za kusini na kuelekea magharibi na kaskazini. Sehemu ya makundi hayo hupita katika ardhi ya Ikoma, karibu na mashamba na nyumba za watu. Mtoto anayekulia kijiji cha Robanda huwaona wanyama hao kabla hajajua kusoma. Mgeni wa hifadhi huwaona kwa siku mbili au tatu, kisha hununua picha ya mnyama na kurudi nayo kwao.

Mtindo wa picha unaofahamika zaidi katika biashara hiyo ni Tingatinga: tembo au chui mmoja aliyechorwa kwa rangi zing'aazo, mwili umetazama upande, macho yamekodolewa, na nyuma yake hakuna milima wala mbingu ila rangi moja iliyopakwa sawasawa. Mtindo huo haukuzaliwa Ikoma, wala mahali pengine popote Serengeti. Ulizaliwa Dar es Salaam yapata mwaka 1968, mikononi mwa mtu aliyekulia Tunduru, kusini kabisa mwa Tanzania. Kwa hiyo mgeni anayedhani amenunua Serengeti amenunua, kwa kiasi fulani, utoto wa mtu wa Tunduru.

Mhadhara huu unajadili uhusiano uliopo baina ya mambo yaliyomvuta mchoraji alipokuwa mtoto na mtindo anaoufikia akiwa mtu mzima. Hoja kuu ni kwamba kinachorithiwa kutoka utotoni si orodha ya vitu vya kuchora, bali ni namna ya kutazama: jicho limezoea kuanzia wapi, mkono umezoea kufuata nini, na kipi huachwa bila kuchorwa. Hoja hiyo itapimwa kwa kuangalia wachoraji wanne waliozaliwa katika nchi ambayo leo ni Tanzania, kisha itarejeshwa Ikoma, ambako ina uzito wa pekee kwa elimu na kwa taaluma ya lugha.

2. Maneno na dhana

Inafaa kuanza na maneno, kwa kuwa lugha hubeba nadharia kabla ya wataalamu kuiandika. Uwezo wa msanii huitwa kwa Kiswahili kipaji au kipawa. Maneno yote mawili yanatokana na mzizi wa kitenzi -pa, na la pili linaonyesha wazi umbo la kutendwa: kipawa ni kile ambacho mtu amepawa. Kwa mujibu wa maneno hayo, msanii ni mpokeaji. Lugha haisemi nani aliyetoa. Mungu, ukoo, mizimu au walimu wote wanaweza kuwekwa katika nafasi ya mtenda.

Methali nayo ina msimamo wake. Samaki mkunje angali mbichi, husema wazee, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Katika methali hizi mtoto ni kitendwa. Yupo anayekunja na yupo anayekunjwa. Hekima hiyo inatosha kueleza malezi, lakini haitoshi kueleza sanaa, kwa sababu watoto wawili waliokunjwa na mikono ile ile hutoka na maumbo mbalimbali. Mmoja hukaa karibu na mhunzi siku nzima bila kutumwa. Mwingine hukimbilia ngomani. Hali hiyo ya mtoto kuelekea kitu kwa hiari yake ndiyo inayoitwa hapa mvuto wa utoto. Ni lazima itofautishwe na mazingira ya utoto. Mazingira humzunguka kila mtoto wa kijiji. Mvuto ni sehemu ya mazingira ambayo mtoto mmoja ameichagua.

Neno la tatu ni utotoni. Kisarufi, neno hili ni nomino utoto iliyoongezwa kiambishi cha mahali -ni, sawa na shambani au nyumbani. Mzungumzaji wa Kiswahili anaposema utotoni mwake, anatumia upatanisho wa mu-, ambao ni wa mahali pa ndani. Kwa hiyo lugha inautendea utoto kama nyumba ambayo mtu aliwahi kukaa ndani yake, wala si kama muda uliopita tu. Dhana hiyo ina manufaa kwa mada hii. Mchoraji anapochora, mara nyingi anakumbuka mahali: nani alisimama wapi, kipi kilikuwa juu, kipi kilikuwa karibu.

Jambo moja la mbinu lisisitizwe kabla ya kuendelea. Ni rahisi mno kutazama picha, kubuni utoto unaofanana nayo, kisha kudai kwamba utoto huo ndio uliozaa picha. Huo ni mzunguko usio na ushahidi. Ili kuukwepa, mhadhara huu unatafuta ushahidi wa aina tatu: ustadi wa mkono uliotangulia uchoraji, tabia ya picha iliyodumu hata baada ya mafunzo yaliyoelekea kuiondoa, na tofauti baina ya wachoraji waliokulia mazingira yanayofanana.

3. Mkono unaokumbuka: George Lilanga

Mfano ulio wazi zaidi ni wa George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 kusini mwa Tanzania katika jamii ya Wamakonde, akafariki Dar es Salaam mwaka 2005. Lilanga hakuanza kwa brashi. Wasifu wake husimulia kwamba alijifunza kuchonga kwa kutumia mizizi ya mihogo, akaendelea na miti laini, na hatimaye akafika kwenye mpingo. Mfuatano huo una mantiki ya kufundishia. Muhogo haugharimu kitu, na kosa lililofanywa juu yake huliwa au hutupwa. Mpingo ni mgumu na ni wa thamani. Hauguswi na mkono usiojua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Lilanga alihamia Dar es Salaam na kuingia Nyumba ya Sanaa, ambako mjomba wake, Augustino Malaba, alikuwa miongoni mwa wasanii. Huko ndiko alikopanua kazi yake kutoka uchongaji hadi uchoraji, akitumia ngozi za mbuzi, vitambaa na mbao. Mashetani aliowachonga walihamia katika picha: wenye masikio makubwa, midomo iliyochomoza, matumbo ya mviringo, vidole viwili au vitatu. Hawatishi. Wanacheza ngoma, wanabebana, wanasengenyana, wanakwenda hospitali na kunywa pombe kama majirani wa mtaa wowote.

Linalohusu mada hii ni namna alivyowapanga. Katika picha nyingi za Lilanga viumbe hujaza uso wote kuanzia ukingo hadi ukingo. Mguu wa mmoja huingia chini ya kwapa la mwingine, kichwa cha wa tatu huziba pengo lililobaki. Hakuna upeo wa macho, hakuna kivuli, na kila mwili umezungukwa na mstari ulio imara. Mhakiki aliyezoea uchoraji wa Ulaya anaweza kusema kwamba mchoraji hakujua kuonyesha umbali. Mtu aliyewahi kutazama kinyago cha ujamaa, ambamo watu wa ukoo mzima wamepandana katika gogo moja, atasema jambo jingine. Gogo lina mipaka. Mchongaji hana nafasi ya mbingu. Nafasi yote ni miili, na palipo tupu ni pale alipotoboa kwa makusudi. Lilanga alipopewa ubao bapa aliutendea kama gogo. Mstari wake ni njia ya patasi.

Kiswahili chenyewe kinasaidia kuelewa jambo hili. Kitenzi kuchora hakikuhusu rangi pekee. Kamusi zinaonyesha kwamba maana yake inagusa pia kukata alama katika mti au juu ya kitu kigumu. Vivyo hivyo neno nembo, ambalo leo hutumika kwa alama ya taifa au ya kampuni, lilikuwa, na katika kamusi bado ni, jina la chale za urembo na utambulisho zilizochanjwa mwilini, hasa usoni. Mtoto aliyekulia miongoni mwa Wamakonde na Wamakua wa kizazi cha Lilanga aliona mistari ikikatwa katika mti na katika ngozi ya watu wake kabla hajaona mstari wa penseli katika karatasi. Kwake mstari ulikuwa mkato, na kwa hiyo haukufutika wala kusitasita.

4. Mlima mmoja, wachoraji wawili: Sam Ntiro na Elimo Njau

Sam Joseph Ntiro alizaliwa Machame, katika miteremko ya Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisoma sanaa Makerere katika miaka ya 1940, chini ya Margaret Trowell, na katika miaka ya 1950 alisoma Slade, shule ya sanaa ya Chuo Kikuu cha London. Alifundisha Makerere, akawa Balozi wa kwanza wa Tanganyika nchini Uingereza baada ya Uhuru wa mwaka 1961, na baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993. Mwaka 1960 Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York lilinunua picha yake ya mwaka 1956 inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi wakati wa usiku.

Njia hiyo ya maisha ingetosha kumbadilisha mchoraji yeyote. Slade ilikuwa shule iliyosifika kwa kuchora mwili wa binadamu kwa vipimo vyake, kwa mwanga na kivuli. Hata hivyo, baada ya Slade Ntiro aliendelea kuchora watu wadogo wengi, wasio na sura za pekee, wakilima, wakivuna, wakijenga, wakibeba, wakikusanyika. Wahakiki wa nje walishangaa. Wapo waliodhani kwamba mafunzo hayakumwingia. Maelezo hayo hayaridhishi, kwa sababu mtu aliyepita shule hiyo na akawa mwalimu wa chuo kikuu aliyajua mambo aliyoyaacha. Aliyaacha kwa kuwa hayakumsaidia kusema alichotaka kusema.

Upeo wa macho katika picha zake aghalabu uko juu sana, au haupo kabisa. Ardhi huinuka mbele ya mtazamaji kama ukuta, na watu wamepangwa juu yake tabaka kwa tabaka, katikati ya migomba na vijia. Mtu wa tambarare huona huo kuwa upungufu wa kipimo. Mtu aliyekulia mlimani ataitambua nchi yake. Mtoto anayesimama katika mteremko mmoja na kutazama mteremko wa ng'ambo ya korongo hamwoni jirani nyuma ya jirani mwingine. Humwona juu yake. Shamba la mbali ni shamba la juu. Katika maisha ya mlimani juu na chini ni pande za dunia: juu ni msituni na kileleni, chini ni tambarare na sokoni. Ntiro alipanga picha kwa pande hizo.

Aidha, watu wake hawana sura za pekee kwa sababu kilichomvuta kilikuwa kazi inayofanywa na wengi. Katika kazi ya shamba au ya kuchimba mfereji wa maji, mtoto aliyeketi pembeni haoni uso wa mtu. Huona migongo, majembe yanayopanda na kushuka, na mstari wa watu unaosogea mbele. Picha za Ntiro zina macho ya mtoto huyo.

Ili isidhaniwe kwamba mlima ndio uliochora, ni lazima Ntiro alinganishwe na mchoraji wa pili wa Kilimanjaro. Elimo Njau alizaliwa Marangu mwaka 1932, akasoma Makerere katika miaka ya 1950 kwa mwalimu yule yule, Trowell. Mwishoni mwa muongo huo alichora kuta za kanisa la Anglikana la Murang'a, nchini Kenya, lililojengwa kuwakumbuka waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Katika kuta hizo tano maisha ya Yesu, tangu kuzaliwa hadi kusulubiwa, yanatokea katika nchi ya Wagikuyu, yenye vilima na nyumba zake, na Yesu mwenyewe ni Mwafrika. Baadaye alianzisha jumba la sanaa la Kibo huko Marangu, na pamoja na wenzake jumba la Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965.

Wachoraji hao wawili walikuwa na mlima mmoja, chuo kimoja na mwalimu mmoja. Mmoja alichora jamii inayofanya kazi, ambamo hakuna aliye mkuu kuliko mwenzake. Mwingine alichora kisa chenye mhusika mkuu, mateso na wokovu, miili yake ikiwa mikubwa na iliyoinama kwa hisia. Mazingira peke yake hayawezi kueleza tofauti hiyo. Kinachoeleza ni kile ambacho kila mmoja alikielekea ndani ya mazingira hayo. Inafaa kukumbuka hapa kwamba Trowell alikuwa na desturi ya kuwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno, kisha kuwaacha kila mmoja achore alichokiona moyoni. Masimulizi yalikuwa mamoja, na picha zilikuwa nyingi. Mbinu hiyo ilimpa kila mwanafunzi ruhusa ya kurudi utotoni mwake.

5. Mnyama bila mahali: Edward Saidi Tingatinga

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, mama yake akiwa Mmakua na baba yake Mngindo. Kama vijana wengi wa kusini, alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akahamia Dar es Salaam ambako alifanya kazi mbalimbali za kujikimu. Alianza kuchora yapata mwaka 1968, akitumia rangi za mafuta za kupakia baiskeli na vipande vya mraba vya ubao wa dari, vyenye upana wa takribani sentimita 60. Picha ziliuzwa karibu na Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Uhai wake wa uchoraji ulidumu miaka isiyozidi minne au mitano.

Kuhusu chimbuko la mtindo wake wataalamu hawajakubaliana. Wapo wanaouhusisha na michoro ya kuta za nyumba za Wamakua na Wamakonde, ambayo mchoraji angeweza kuiona akiwa mtoto. Wapo wanaosisitiza picha za wachoraji wa Kongo zilizokuwa zikiuzwa Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Mabishano hayo ni ya haki, lakini yanauliza jinsi Tingatinga alivyopata wazo la kuuza picha na jinsi alivyopata baadhi ya maumbo. Swali la kwa nini mnyama wake amesimama peke yake, bila mahali, linahitaji jibu jingine.

Jibu linaweza kutafutwa katika ngano. Ngano ya Kiafrika haianzi kwa kueleza mandhari. Paukwa, pakawa, palikuwa na fisi. Hakuna anayeuliza fisi huyo alikaa bonde gani. Jina likitajwa, mhusika amekwisha kusimama mbele ya watoto, ana tabia yake, na kila msikilizaji anamjua. Sarufi ya Kiswahili inaafiki: tembo, simba na fisi, ingawa kwa umbo ni nomino za ngeli ya N, huchukua upatanisho wa viumbe hai, yaani ule ule wa mtu. Fisi alikuja, kama mtoto alikuja. Mnyama wa Tingatinga ni wa namna hiyo. Anamkodolea mtazamaji macho kama mhusika aliyeitwa kwa jina lake. Mnyama wa mpiga picha wa hifadhi, kinyume chake, yumo katika mandhari, na mara nyingi hajui kuwa anatazamwa.

Tunduru vilevile ilikuwa nchi ya wanyama pori, jirani na maeneo ya Selous, ambako tembo alikula mazao na simba alikuwa hatari ya usiku. Mtoto wa mkulima hakumfahamu mnyama kama kivutio. Alimfahamu kama jirani mwenye nguvu ambaye habari zake husimuliwa jioni.

Hata hivyo, soko lisisahauliwe. Wanunuzi wa Oysterbay wengi walikuwa wageni, na wageni walipenda wanyama. Ukubwa wa ubao, uzito wa rangi na kasi ya kuuza vyote vilichangia mtindo. Utoto ulimpa mchoraji msamiati mpana, na soko lilichagua ni maneno gani yatumike zaidi. Baada ya kifo chake, wanafunzi wake, ambao wengi walikuwa jamaa na watu wa kwao, waliendeleza kazi. Chama chao cha ushirika kilianzishwa mwaka 1990. Kadiri miaka ilivyopita, wachoraji wapya walijifunza mnyama kutoka kwa picha ya mwenzao, wala si kutoka kwa ngano au kwa shamba lililoliwa. Hapo ndipo mtindo ulipoweza kuenea kila mahali, na hapo ndipo ulipoanza kukatika na utoto ulioufanya.

Safari ya mtindo huo hadi ukanda wa Serengeti ina alama inayoonekana. Mmoja wa wanafunzi wa Tingatinga, S. G. Mpata, aliyefariki mwaka 1984, alipendwa sana na watazamaji wa Japani. Hoteli moja ya kitalii iliyojengwa juu ya kilima kinachotazama Maasai Mara, upande wa Kenya wa mfumo ule ule wa ikolojia, imepewa jina lake. Mtoto wa kusini ameupa jina mlango wa kaskazini.

6. Ikoma: jicho ambalo picha hailijui

Sasa swali linaweza kurejeshwa Ikoma. Kiikoma ni lugha ya Kibantu iliyo karibu mno na Kinata na Kiisenye, kiasi kwamba wanaisimu wengi huziweka pamoja. Wasemaji wake walikuwa wakulima na wafugaji, na zaidi ya hayo walijulikana kwa uwindaji. Walibadilishana mazao ya mawindo na majirani; mikia ya nyumbu ilipelekwa Usukuma, ambako ilitengenezwa mapambo, na mifugo ikaletwa Ikoma. Miongoni mwa vitu vinavyoheshimiwa sana na Waikoma ni Machaba, yaani pembe za ndovu ambazo masimulizi huzihusisha na Watatoga. Kwa hiyo ndovu katika Ikoma ni sehemu ya historia ya watu na ya siha ya jamii.

Mtazamo wa mtoto wa mwindaji ni tofauti na wa mtoto wa ngano na wa mtoto wa mteremkoni. Mwindaji huanza na unyayo. Hutazama nyasi zilizolala, kinyesi, mwelekeo wa upepo, mti uliochubuliwa. Mnyama mwenyewe huonekana mwishoni, mara nyingi kwa nyuma au kwa sehemu: sikio juu ya majani, mkia, vumbi. Na nyumbu, ambaye ndiye mnyama mkuu wa majira, kwa kawaida haonekani akiwa mmoja. Kiswahili cha pwani kilimpa nyumbu jina ambalo pia ni la mtoto wa punda na farasi, jambo linaloashiria kwamba huko pwani hakuwa mnyama wa mlangoni. Kwa mtoto wa Ikoma ni wingi unaosogea, sauti ya usiku kucha, na kalenda. Mchoraji mwenye utoto huo angekuwa na sababu za kuchora nyayo, vumbi na umati, si tembo mmoja juu ya rangi moja.

Ndani ya hifadhi yenyewe kuna ushahidi kwamba mvuto hushinda mazingira. Katika miamba ya Moru kuna michoro ya rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi inayohusishwa na vijana wa Kimaasai wa zamani. Vijana hao walikaa katikati ya simba, tembo na nyati, lakini walichokichora zaidi ni ngao. Ngao ndiyo iliyokuwa hamu ya umri wao. Mgeni anayepanda mwambani akitarajia wanyama hukuta alama za rika.

Mazingira ya utoto wa Ikoma yamebadilika kwa maamuzi yenye tarehe. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951 na mipaka yake ikabadilishwa mwaka 1959. Ikorongo na Grumeti yalifanywa mapori ya akiba mwaka 1994. Maeneo ambamo babu waliwinda na kufanya matambiko yakawa ndani ya mipaka ambayo mjukuu hawezi kuivuka kwa hiari yake. Uhifadhi una sababu zake nzito, na bila huo huenda nyumbu wasingesalia kuonwa. Lakini ni dhahiri kwamba elimu ya unyayo na upepo haipokelewi tena kwa kumfuata baba porini. Inayobaki imo katika maneno: majina ya wanyama kwa umri na jinsia, majina ya majira, mahali na njia. Maneno hayo yakipungua, mtoto atabaki na mnyama yule yule anayeonwa na mgeni, na huenda akamjua kwanza kupitia picha iliyochorwa Dar es Salaam.

Hapo ndipo hasara ilipo. Mtoto wa Ikoma akipewa karatasi na kuambiwa achore mnyama, kisha akachora tembo wa Tingatinga, atasifiwa kwa unadhifu. Sifa hiyo itamfundisha kwamba jicho la mtu mwingine ni bora kuliko lake. Hatakuwa amerithi utoto wa Tingatinga, kwa sababu utoto haurithiwi kwa kunakili. Na wakati huo huo atakuwa ameuacha wa kwake.

7. Kazi inayowangoja wanafunzi wa Kiswahili

Mambo matatu yanapendekezwa. La kwanza ni wasifu. Sehemu kubwa ya maandishi kuhusu wachoraji waliotajwa hapa imeandikwa kwa lugha za kigeni, kwa ajili ya wanunuzi na makumbusho. Wasifu ulioandikwa kwa Kiswahili, kwa mahojiano yaliyofanywa kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani ya mchoraji, ungeuliza maswali mengine: ulipokuwa mtoto ulikaa karibu na nani bila kutumwa? Mikono yako ilifanya kazi gani kabla ya brashi? Kitu fulani kiliitwaje kwenu? Habari za Tingatinga zilikusanywa zaidi kutoka kwa jamaa na wanafunzi wake, baada ya yeye kufa. Wachoraji wazee walio hai wasisubiriwe hivyo.

La pili ni msamiati. Wanafunzi wanaotoka Mara wanaweza kukusanya maneno ya Kiikoma, Kinata na Kiisenye yanayohusu wanyama, rangi, alama na maumbo, pamoja na michoro ambayo watoto huifanya mchangani na ukutani. Neno likusanywe pamoja na mchoro wake. Orodha ya maneno bila michoro ni nusu ya kazi, na michoro bila maneno ni nusu nyingine.

La tatu ni ufundishaji. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, na mtoto wa Ikoma hukutana nacho darasani akiwa tayari na dunia iliyopewa majina kwa Kiikoma. Mwalimu wa sanaa anaweza kuitumia dunia hiyo kwa kumwacha mtoto asimulie kwanza kwa lugha aliyonayo, kisha achore alichosimulia. Mfano wa kunakili usitundikwe ubaoni kabla mtoto hajachora cha kwake.

8. Hitimisho

Mifano minne imeonyesha njia mbalimbali. Kwa Lilanga, utoto ulibaki mkononi, katika mstari unaokata. Kwa Ntiro, ulibaki katika mpangilio wa nchi inayoinuka, na mafunzo ya London hayakuuondoa. Njau, aliyekulia mlima ule ule, alithibitisha kwamba mahali pamoja hapazai jicho moja. Kwa Tingatinga, ulibaki katika mnyama anayesimama mwenyewe kama mhusika wa ngano, hadi soko lilipomtenga na ngano yake.

Ikoma haikosi wanyama wala haikosi watoto wenye hamu ya kuchora. Inachohitaji ni watu wazima wanaotambua kwamba mtoto aliyechora nyayo tupu bila mnyama huenda amechora Serengeti kwa usahihi zaidi kuliko picha zote zinazouzwa kwa wageni. Mwalimu akimwuliza mtoto huyo ni nyayo za nani, na zinaelekea wapi, na kwao zinaitwaje, atakuwa ameanza kazi ambayo mhadhara huu umeipendekeza.